Mkubwa Yuko kwa Bibi Yake

Nilikuja Malindi kwa wiki mbili. Shangazi yangu aliyeolewa mtaa wa Shella alikuwa mgonjwa, na katika nyumba yetu ya Tanga mimi ndiye niliyeonekana sina la kufanya, basi nikatumwa nikamuuguze. Bado namkanda miguu, serikali mbili zikagombana na mpaka ukafungwa. Shangazi akapona. Mimi nikabaki, kubaki kukaleta posa, posa ikaleta ndoa, nikawa mke wa seremala wa Malindi bila mama yangu kuwepo arusini. Majirani waliniita Mtanga. Nilikasirika kwa muda, kisha nikazoea.

Kwetu mimba ya kwanza haina mjadala. Ukifika mwezi wa saba unarudishwa kwa mama yako, unazalia chumbani kwake, unakaa arobaini huku unakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka unalia. Ndipo unarudi kwa mumeo na mtoto aliyenona. Mimba yangu ya kwanza iliingia mpaka ukiwa umefungwa. Nilizaa hospitali ya Malindi, mtoto wa kike, nywele tele. Aliishi siku tisa. Homa ilimshika asubuhi ya siku ya nane na kesho yake adhuhuri wanaume wakamchukua kwenda kumzika, mimi nikaachwa ndani na wanawake. Wakaniambia nisimlilie sana, malaika huyo, atakuja kunishika mkono siku ya siku. Mimi niliyekuwa mbishi tangu utoto nikatii hilo moja, na ndilo nililopaswa kulikataa.

Siku chache baadaye akapita bwana mmoja wa Vanga. Alikuwa na wakwe zake upande wa pili wa mpaka na njia zake alizijua mwenyewe, na watu kama sisi tulimpa barua awapelekee jamaa. Alisimama mlangoni, akasema gari linamngoja. Nikachukua karatasi.

Yeyote aliyeandika barua zamani zile anajua zilivyoanza. Salamu kwanza. Pokea salamu nyingi, baada ya salamu sisi huku hatujambo, wazima wa afya, hofu ni kwenu ninyi mlio mbali. Hata kama una maiti ndani, unaanza na hatujambo. Si uongo, ni adabu. Ana kwa ana pia ni vivyo hivyo: mtu anakuuliza habari za nyumbani, unajibu njema, na baada ya njema ndipo unapomwambia mmefiwa. Nikaandika nilivyofundishwa. Nikaandika kwamba nimejifungua mtoto wa kike, kwamba mimi na yeye na baba yake hatujambo. Nikashuka mstari ili nianze lile lenyewe.

Yule bwana akakohoa. "Binti, nipe hivyo hivyo, salamu zatosha."

Nikampa. Nimejiuliza miaka mingi kama nilikuwa na nafasi ya kuandika mstari mmoja zaidi. Nilikuwa nayo. Gari halikuwa linaondoka dakika ile, na hata lingeondoka, angepata jingine.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mkono wake. Alisema mama alipiga vigelegele mpaka akakauka koo, na wanawake wa mtaa wetu walikuja kumpa hongera, nao wakalishwa. Akauliza mtoto amefanana na nani. Nilisoma barua ile nimesimama uani, nikaisoma tena, nikaona kwamba kumjibu ukweli ni kuwafukuza wale wanawake wote waliokwisha kula na kushangilia. Nikaandika kwamba amefanana na bibi yake.

Basi nikamlea kwa kalamu. Alipotimiza miezi saba akaota jino. Akasimama dede, akatembea, akavunja kikombe, akawa anaogopa majogoo. Nilikuwa naenda kukaa kwa majirani wenye watoto wa rika lake ili nijue la kuandika, na wao wakaniona nina moyo mwema, mwanamke aliyefiwa lakini anapenda wana wa wenzake. Mtoto wa nyumba ya pili alipopata surua, wangu naye akapata, ila wangu alipona upesi. Mama aliomba picha. Nikamwambia mpiga picha amehama, subira kidogo. Mume wangu hakupata kujua. Alikuwa mtu wa staha, barua ya mke kwa mama yake haikumhusu.

Mama alifariki karibu na mwisho wa ule wakati wa kufungwa mpaka. Habari zilinifikia marehemu ameshasomewa arobaini. Sitaki kusema mengi juu ya hilo. Nilihuzunika kama anavyohuzunika mtoto aliyefiwa na mama asimwone, na ndani ya huzuni ile kulikuwa na nafuu, na nafuu ile imenitia hofu ya nafsi yangu hadi leo.

Mpaka ukafunguliwa. Nami mwaka uliofuata nikawa na mimba ya pili. Dada akaandika mara moja: njoo uzalie nyumbani, uzazi wa kwanza ulitupita lakini huu usitupite. Chumba cha mama hajalala mtu. Mkunga aliyetuzalisha sisi sote yu hai na mikono yake bado ina nguvu. Tena mtoto akizaliwa huku atakuwa Mtanzania kama mama yake, hatapotelea ugenini. Mwisho wa barua akaandika: na umlete mkubwa, azuru kaburi la bibi yake.

Nyumbani kukawa na mkutano usiokwisha. Mamamkwe alinuna. "Wataka kwenda kuzalia mbali kote huko na mimi nipo hapa? Watu watasema n'na roho mbaya. Mwana ni wetu, kwao ni Malindi." Mume wangu yeye hakununa, aliogopa. Alisema serikali zilizogombana mara moja haziwezi kushindwa kugombana tena, na siku hiyo mimi na mtoto tutakuwa ng'ambo, yeye amekaa na misumari yake. "Ulikuja hapa kwa wiki mbili," alinikumbusha. "Nani ajuaye wiki mbili zako?" Hospitalini muuguzi alikuwa akijaza kadi yangu akauliza uraia. Nikamwambia Mtanzania. Akauliza, na mtoto? Nikamjibu bado hajasema. Wanawake wote wa benchi wakacheka, nami nikacheka nao, na moyoni nilikuwa naungua.

Kwa sababu wote walidhani nachagua baina ya nchi mbili. Wote walikuwa na hoja zao nzuri, wa mkunga na wa hospitali, wa mpaka na wa uraia. Mimi nilijua jambo moja. Malindi mwanangu amekufa. Tanga yu hai, ana zaidi ya miaka mitatu, anaongea sana. Nikizalia Malindi nitazalia katika hospitali ile ile, na katika mji unaokumbuka nilivyorudi mikono mitupu. Nikizalia Tanga, nitakaposhuka tu garini watatazama nyuma yangu kumtafuta.

Mwezi wa saba ulipoingia nikaamua kwenda. Nilijiambia nitakwenda nikaseme ukweli mbele ya kaburi la mama, na dada akinipiga anipige. Nikafunga mzigo. Mume wangu akanisindikiza hadi kituoni.

Kilifi siku hizo hakukuwa na daraja, kulikuwa na feri. Abiria tulishuka tukangoja, maana ilikuwa bado iko upande wa pili. Nikakaa juu ya mzigo wangu kivulini. Kando yangu alikuwa mama mmoja wa Tezo mwenye kikapu cha korosho, akanigawia chache, tukaanza kuzungumza kama wasafiri wazungumzavyo.

"Hiyo ni ya ngapi, mwanangu?"

"Ya pili."

"Na mkubwa yuko wapi?"

Nikamjibu bila kufikiri, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yuko kwa bibi yake."

"Ni vyema," akasema. "Bibi atamtunza kukushinda wewe."

Sikuwa nimemdanganya yule mama. Niliwaona wawili wao, marehemu mama yangu amekaa kitandani katika kile chumba ambacho hajalala mtu, na mtoto wa miaka mitatu amesimama baina ya magoti yake anasukwa nywele. Niliwaona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Walikuwa wametulia. Nikaona kwamba nikiingia chumbani mle na ukweli wangu, mama atabaki peke yake tena.

Feri ikaja, watu wakapanda. Mimi nikachukua mzigo wangu nikavuka barabara, nikangoja gari la kurudi Malindi.

Mume wangu aliponiona akadhani nimesahau kitu. Nikamwambia nimeogopa mpaka usije ukafungwa. Alicheka kwa furaha, akaweka randa chini, akanibebea mzigo hadi ndani. Dada nikamwandikia maneno yale yale, na kwamba mkubwa anawasalimu. Hivyo ndivyo nilivyochagua nchi. Nilizalia Kenya ili binti yangu asife Tanga.

Nikapata mtoto wa kiume. Siku tisa za mwanzo nilimshika bila kumweka chini, mamamkwe akanisema kwamba namzoeza vibaya. Siku ya kumi nikala chakula nikashiba.

Nilikuwa nimebakisha siku chache kufika arobaini pale dada alipokuja. Hakuandika, alikuja tu, baada ya alasiri, kwa furaha ya mtu ambaye njia imemfungukia. Nilisikia sauti yake barazani kabla sijamwona. Tukakumbatiana. Akambeba mtoto, akamsifu, akamwamkia mamamkwe, wakaulizana hali kwa kirefu. Kisha akafungua mzigo wake akatoa gauni la mtoto wa kike, la maua, lenye mfuko mbele.

"Ni la mkubwa," akasema. "Mama alilishona mwenyewe, kwa kukisia. Tuone kama alikisia sawa. Yuko wapi?"

Mamamkwe akanitazama, kisha akamtazama dada. Alikuwa mama mpole, hakuwa na nia mbaya. "Mkubwa yupi, mwanangu? Hukwambiwa? Yule tulimzika, hata wiki mbili hakutimiza."

Dada akageuza uso kwangu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akalia. Hakulia kama mtu anayesikia habari za zamani, alipiga ukelele wa msiba mbichi, akaanguka chini na gauni mkononi. Wanawake wa mtaa wakaja mbio wakidhani mtoto wangu mchanga amekufa. Walimkuta kifuani mwangu ananyonya, wakabaki wanatazamana. Mume wangu naye akaja na vumbi la mbao kichwani, akasimama mlangoni, akasikia yote pale aliposimama. Nami nikaanza kulia, kilio nilichokatazwa, na hakuna aliyenikataza tena.

Tulipochoka dada akaniuliza, "Na yule aliyekuwa akiogopa majogoo?"

"Hakuwepo, dada. Nilimwandika tu."

"Usiniambie hakuwepo. Mama alimwombea dua kila Ijumaa. Wanangu wanamjua, wanamgombania atalala na nani akija. Kwetu alikuwepo." Akakunja gauni polepole. "Sasa nikirudi nitawaambia nini? Niwaambie amefariki lini?"

Nikafikiri, mtoto amelala mapajani kwangu.

"Waambie leo," nikamwambia.