Nyumba Aliyoijenga Koko

Hapa Kitengela ninapopanga, jirani anafuga ng'ombe wawili nyuma ya ploti, na mvua ikinyesha kila mtu hufunga dirisha kwa sababu ya harufu ya mavi. Mimi hufungua langu. Msiniambie ni uchafu, najua. Lakini hiyo ndiyo harufu ya mahali nilipolelewa, kule Mashuuru, katika nyumba ya Koko, nyanya yangu mzaa baba.

Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa fito na mavi ya ng'ombe, kama walivyojenga mama yake na nyanya zake. Ilikuwa fupi, giza mchana kutwa, na moshi wake ulitutoa machozi. Paa likivuja, Koko alipanda juu na konzi ya mavi mabichi akaliziba huku akiyatukana mawingu. Kwetu Wamaasai anayejenga ni mwanamke, na nyumba ni yake. Hata babu, kwa ukali wake wote, aliingia kwa ruhusa.

Baba alikuwa mwalimu, na alimpenda mama yake. Nilipokuwa na miaka minane alijenga nyumba ya mawe, yenye paa la mabati na sakafu ya vigae. Akangoja Koko aende kumtembelea binti yake kule Entarara, kisha tukaivunja ile ya zamani ili tumfurahishe. Nilibeba fito nikiimba. Naona aibu hadi leo.

Koko aliporudi alisimama palipokuwa na meko yake.

"Mama, kuja uone chumba yako," baba akamwambia. "Iko na stima, iko na kitanda."

"Ni nani amejenga?"

"Fundi wa Kajiado, Mama."

"Basi hiyo ni ya fundi. Yangu iko wapi?"

Baba alicheka, sote tukacheka. Mwezi uliofuata Koko akaanza kukandika ukuta wa chumba chake kwa mavi. Mimi ndiye niliyemchongea. Baba akauosha, akamwomba kwa upole asirudie. Hakurudia, na nguvu za kukata fito mpya hakuwa nazo tena.

Aliishi nasi miaka minne. Kila aliporudi kutoka kuchunga mbuzi alisimama mlangoni, akabisha hodi, akangoja. Sisi watoto tulimwita mgeni, tukacheka hadi tukashika mbavu. Nilidhani ni mzaha wa wazee. Sasa najua tulikuwa tunamcheka mtu asiye na kwake, na aliyefia ugenini ndani ya boma lake mwenyewe.