Simu ya Kunyweshwa Maji

Batuli binti Twalibu alipotangaza kwamba Itundu itakuwa na simu yake yenyewe, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjane wa mjini, binti wa mfua mabati wa Tabora, amekuja kijijini kwa marehemu mumewe na sanduku moja na mdomo usiojua kufungwa, leo anataka simu! Wacheke tu, alisema Batuli, kicheko hakikati waya.

Simu aliijua toka Tura, alikokaa miaka mingi na mumewe Shaban, mtumishi wa reli. Shaban alikuwa mtu mwema lakini mikono yake, Mungu amrehemu, haikuweza hata kupigilia msumari. Simu ya stesheni ilipokwama, aliyeifungua, akaifuta vumbi na kuifunga tena ni mkewe, na sifa alipewa mume. Batuli alilijua hilo na lilimkera mpaka siku ya maziko.

Siku hizo za mwanzo wa Uhuru, toka stesheni ya Usoke mpaka vijiji vya ndani, simu ilikuwa ya Kampuni peke yake. Kampuni ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyejisumbua kulitamka. Ilinunua tumbaku yote, na waya wake ulipita juu ya vichwa vya watu kwenda kwenye maghala yake. Itundu waliambiwa bei hii, Migongwa wakaambiwa nyingine, na nani angejua? Kutoka kijiji hadi kijiji ni mwendo wa kutwa kwa baiskeli, kwenye mchanga.

Lakini si bei iliyomtia Batuli hasira. Binti wa Bi Minza, wa Migongwa, alishikwa na uchungu mtoto akiwa amekaa vibaya. Wakakimbilia ghala la Kampuni kuomba wapigiwe simu Usoke, lije gari. Karani akasema huu ni msimu wa kununua, simu ina kazi. Wakamzika yule binti na mtoto wake kaburi moja. Batuli aliosha maiti, na toka siku hiyo aliichukia Kampuni waziwazi, bila kumwonea mtu haya.

Basi akajenga, na watu wa vijiji pamoja naye. Nyaya walizitoa kwenye uzio wa mashamba ya karanga ambayo Wazungu waliyatelekeza kule Urambo. Nguzo zilikuwa miti ya miombo yenyewe, hai na majani yake, na waya ulishikiliwa na shingo za chupa za soda. Simu tano kuukuu walizipata kwa mwuza vyuma chakavu Tabora, wakalipa kwa asali. Hakuna aliyekuwa mwenye simu na hakuna aliyekula faida. Asali ilinunua betri, na mwenye shida alizungumza, awe amechangia au hajachangia.

Simu ile ilikuwa na adabu zake. Kila kijiji kiliitwa kwa milio yake, mifupi miwili, mitatu, na kadhalika. Mlio mmoja mrefu ulikuwa wa wote: msiba, moto, mkutano. Hapo kila nyumba yenye simu huinua, na anayeita huwasalimu wote kabla ya kusema neno. Tena kiangazi ardhi ikikauka sauti hufifia, kwa hiyo kwenye kila simu palikuwa na chuma kilichochomekwa ardhini, na mtu akizungumza mwingine hukimwagia maji kwa kibuyu. Waliita kuinywesha simu.

Mwaka wa pili akaja Alois, wakala wa Kampuni, kijana wa hapahapa Usoke aliyevaa soksi ndefu hadi magotini. Alikuja na maneno matamu. Kampuni itawapa simu mpya, nguzo za chuma, waya wa shaba, bure kabisa. Wao watie sahihi tu kwamba njia ya simu ni ya Kampuni.

"Na tusipotia?" Batuli aliuliza.

"Bi Batuli, tumbaku yenu nani mwingine atainunua?"

Watu wakatazamana. Bundala, shemeji yake na mwenyekiti wa simu, alikuwa ameshachoka kupanda miti kufunga nyaya.

"Shemeji, shaba ni shaba," alimwambia baada ya wakala kuondoka. "Hizi zetu zina kutu."

"Zina kutu, lakini hazimfukuzi mtu. Umemsahau binti wa Minza?"

"Sijamsahau. Ila watoto wangu wanakula tumbaku hiyo."

Neno hilo lilimuuma Batuli kuliko matusi. Aliwapitia wazee wote nyumba kwa nyumba, na wote walimkaribisha, wakamsikiliza, wakatazama chini. Sahihi zikapangwa kutiwa Ijumaa baada ya swala.

Asubuhi ya Ijumaa twiga walipita wakakata waya wa Kampuni. Alois akaja mbio kwa Batuli, jasho linamtoka, kuomba simu ya kutu. Alitaka kusema na Silasi, karani wa Kampuni wa Usoke, ambaye asubuhi hushinda kibarazani kwa Mussa, fundi cherehani, palipokaa simu ya tano.

"Karibu, ni ya kila mtu," Batuli alisema. "Kwa Mussa ni milio mifupi..."

"Mama, simu nimeanza kuzipiga zamani. Nipishe, nina mazungumzo ya faragha."

"Humo watu husalimiwa kwanza, baba."

"Nipishe, tafadhali."

Akampisha. Akatoka nje na kumsikia akizungusha mpini wa simu kwa nguvu zote, mlio mmoja mrefu usiokwisha. Batuli akasimama kidogo. Kisha akachukua kibuyu, akakimwagia chuma maji yote, taratibu, kama alivyomfanyia kila mtu.

Vijiji vyote vikainua.

"Silasi? Leo wanatia sahihi," sauti ya Alois ilifika Migongwa kama yuko chumbani. "Wakishatia, lete watu wang'oe yale madude yao. Nguzo gani za chuma? Hakuna nguzo wala shaba. Warudi kungoja bei kutoka kwetu kama zamani. Na yule mjane atafute kazi nyingine."

Halafu sauti ya kizee ikapenya, kavu, bila haraka.

"Mwanangu, hujatusalimia."

Alois akatazama simu kana kwamba imemng'ata. Nyuma ya Bi Minza kilisikika kikohozi cha mtu, na cha mwingine, na mlango wa nyumba fulani ukifungwa.

Ijumaa ile hakutia sahihi hata mmoja. Bundala alifika mkutanoni na koleo lake la kukazia nyaya, akaliweka mezani, juu ya karatasi za Kampuni, akakaa. Kampuni nayo ikatimiza kitisho chake, lori likaacha kuja. Yalikuwa majuma machungu, watu walikula mihogo na kulaumiana. Lakini kila alfajiri ulilia mlio mrefu, vijiji vikasalimiana, kila kimoja kikasema kwamba tumbaku yake bado iko darini. Hakuna aliyeuza kwa kificho, kwa sababu hakuna aliyedanganywa kwamba jirani ameshauza. Batuli alikonda msimu ule, na ulimi wake ukazidi makali.

Kisha siku moja, jua la saa nne, mlio mrefu ukaja kutoka kwa Mussa. Wote wakainua.

"Shikamooni, wazee wangu," ilisema sauti. Ilikuwa ya Alois, na ilikuwa ndogo. "Shikamoo Mzee Bundala. Shikamoo Bi Minza. Shikamoo Bi Batuli."

Wakamwacha angoje. Wa kwanza kuitika alikuwa Bi Minza.

"Marahaba. Haya, sema bei. Tunasikia wote."

Batuli akampa Bundala mkono wa simu, akaenda nje kuchukua kibuyu.