Mashine Iliyojijibu Yenyewe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka ile ya wakimbizi hasira zangu nyingi ziliishia kwenye kompyuta. Nilizaliwa Gungu, mama yangu Muha wa Kasulu, na nilipopata kazi ya mapokezi katika ofisi ya kuwaunganisha wakimbizi waliopotezana, majirani walidhani nakwenda kukaa chini ya feni ninywe soda. Feni ilikuwepo kweli, ila sikuwahi kuiona ikizunguka.

Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani pale mtaa wa Mwanga, yenye ua katikati. Mbele kilikuwa chumba changu, na nje ya mlango benchi la akina mama wanaotafuta watoto. Ng'ambo ya ua kilikuwa chumba cha picha cha mwenzangu, bwana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, mtu asiyeharakishwa na lolote. Watoto waliookotwa njiani waliletwa kwake, akawapiga picha, wakalala vyumba vya nyuma siku mbili tatu wakisubiri gari la kuwapeleka kwenye makao. Wengi walikuwa wadogo mno. Ukimwuliza mtoto, mama yako anaitwa nani, anakujibu, Mama. Kwa hiyo majina hayakutusaidia sana, tulitegemea sura.

Akina mama hawakuruhusiwa kuvuka ua. Kuna mmoja aliwahi kuvuka, akamkumbatia mtoto asiye wake, akakataa kumwachia. Tangu hapo bosi akaweka amri: mama aone picha kwanza, ajibu maswali, ndipo aletewe mtoto. Amri ilikuwa chungu, lakini siku ile nilikuwepo na nilimsikia yule mtoto akilia, kwa hiyo sikuipinga.

Picha zilikuwa zikivuka ua kwa disketi, mpaka vumbi likaua sehemu ya disketi kwenye mashine yangu. Akaletwa fundi kutoka Dar es Salaam aunganishe kompyuta mbili kwa waya. Akauvuta waya juu ya ua, toka paa hadi paa, kisha malaria ikamshika, akapanda treni kurudi kwao na kutuachia ukurasa mmoja wa maelekezo. Mwenzangu akatoa fotokopi, moja yake, moja yangu. Tukayafuata neno kwa neno, kila mtu chumbani kwake, kwa utii ule tuliolelewa nao kazini: karatasi ikisema andika, unaandika. Karatasi ilisema kompyuta ipewe namba, ili ile nyingine iweze kuiita kwa namba hiyo, na namba ya mfano ilikuwa imeandikwa. Tukaiandika. Halafu ikasema, iite namba hiyo, na ukiona mistari ya majibu, mmeunganishwa.

Nikaita, mistari ikashuka. Nikapaza sauti dirishani kwamba imejibu, naye akaniambia hata kwake imejibu. Bosi akatuagizia maandazi.

Siku chache baadaye, asubuhi, akaja kwa mara ya pili mama mmoja kutoka Burundi. Alimpoteza mwanawe wa kiume mpakani, katika vurumai ya watu waliokuwa wakikimbia risasi. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yakaeleweka. Mchana ule mama huyo alikuwa apelekwe kwa lori kambi ya mbali, upande wa Kibondo, na mkimbizi akishaingia kambini, kutoka ni kwa kibali, na kibali kilikuwa kitu cha kungojea mpaka uchoke. Kwa hiyo kama mtoto alikuwa kwetu, ilibidi ajulikane kabla lori halijaondoka.

Nikamfungulia picha nilizoamini zinatoka chumba cha pili. Akaziangalia moja moja, bila haraka.

"Aba narababonye," akasema. Kirundi na Kiha cha mama yangu ni ndugu, nikamwelewa: hawa nimeshawaona.

"Hapana, mama. Hizi ni za jana na juzi."

"Dada, huyu mwenye kovu nilimwona nilipokuja mara ya kwanza. Na huyu. Na huyu."

Nikakasirika. Nikaiita ile namba mbele yake, mistari ikashuka upesi upesi. "Unaona? Inajibu." Akanitazama kama unavyomtazama muuza samaki wa migebuka anayeapa kwamba ya jana ni ya leo.

Nikatoka kwenda kumwuliza mwenzangu, nikakuta kufuli mlangoni. Mpishi wetu, mama mtu mzima aliyekuwa akichambua mchele barazani, akaniambia bwana yule yuko Kibirizi, ufukweni, na kamera yake tangu alfajiri, na kabla ya kuondoka alizima mashine na swichi ya chumba ili jenereta isibebe mzigo wa bure. Nikachungulia dirishani. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa cheusi.

Sasa nani alikuwa akinijibu?

Nikarudi, nikaita tena. Ikajibu kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Kwetu, upande wa mama, salamu ina mwendo wake: unapiga makofi taratibu, unauliza nyumba imeamkaje, watoto, mifugo, na unamngoja mwenzio. Anayejibu kabla hujafunga mdomo hakukusikia. Nikauchomoa waya nyuma ya mashine yangu kabisa, nikaushika mkononi, nikaita. Ikajibu vilevile. Ilikuwa ikijijibu yenyewe, na picha ilizonionyesha zilikuwa zake, zile za zamani za disketi. Nikawakumbuka akina mama wote tuliowaambia hayupo, moyo ukaniuma, kisha ukawaka. Nikajiapiza kwamba lori lile haliondoki na mama huyu mpaka nimejua.

Lori lilikuwa limeshafika. Watu walikuwa wakipandisha mikeka na masufuria, na furushi la mama yule limo. Nikamwendea dereva nikamwomba asubiri.

"Nisubiri nini, dada?"

"Kompyuta."

Akacheka. "Barabara yenyewe unaijua. Giza likinikuta huko porini, kompyuta itanisukuma?"

"Kanywe chai."

"Nimeshakunywa."

"Rudia."

Alikwenda, akinung'unika. Mwenzangu akaingia getini akikokota baiskeli.

"Dada, hata salamu?"

"Tutasalimiana baadaye. Washa mashine yako."

Ilipowaka nikamwita dirishani anisomee namba yake. Akaisoma. Ilikuwa yangu.

"Umeandika namba yangu," nikasema.

"Wewe ndiye umeandika yangu."

Tulibishana kidogo, kila mmoja akipunga fotokopi yake kama ushahidi, mpaka tukaona ushahidi ni mmoja. Kila aliyemwita mwenziwe alikuwa akijiita mwenyewe. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho ya namba yangu, nikaiita yake.

Kimya. Haikujibu kitu. Mwenzangu akasikitika, mimi nikafurahi, maana angalau sasa ilikuwa ikisema kweli. Nikatoka kuufuata waya kwa macho, toka paani kwangu hadi kwake. Katikati ya ua ulikuwa umelegea kwa uzito wa vitambaa vya jikoni, aproni na kanga mbichi. Mpishi alikuwa ameona kamba mpya, akaanika.

"Shikamoo, mama. Naomba tuvianue hivi."

"Marahaba. Havijakauka, mwanangu."

"Vitakaukia kwangu."

Tukavianua. Ndani kwa mwenzangu, uzito ule ulikuwa umekivuta kichwa cha waya kikatoka kwenye tundu lake. Akakisukuma mpaka kikalia. Nikakimbilia chumbani kwangu, nikaita. Majibu yakaja.

"Chomoa!" nikamwambia dirishani.

"Si imejibu? Unataka nini tena?"

"Chomoa, bwana."

Akachomoa, pakawa kimya. Akarudisha, ikajibu. Nikamfanyisha hivyo tena na tena, hadi akaniuliza kama nina ugomvi naye. Nje, dereva alikuwa amemaliza chai na alikuwa akipiga honi.

Nikafungua picha za jana. Zilivuka ua polepole, zikishuka kwenye kioo toka juu, mstari kwa mstari. Wa kwanza msichana. Wa pili mvulana, mama akatikisa kichwa. Wa tatu kikaanza kuonekana kichwa kilichonyolewa, kikafuata kipaji cha uso, na mama, aliyekuwa amesimama, akavuta kiti akaketi. Macho yalipofika akaniambia yeye mwenyewe, bila kungoja swali, kwamba chini ya goti la kushoto pana baka la moto, alimwagikiwa na uji.

Nikapaza sauti dirishani. Mwenzangu akaenda vyumba vya nyuma, akakaa huko muda ulionitoa jasho, akarudi.

"Lipo," akasema.

Mama hakulia. Aliisogelea picha, akaiangalia vizuri, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yeyote aliyerudi sokoni akakuta mambo nyumbani yameharibika.

"Nani kamnyoa mwanangu bila kuniuliza?"

Nikatoka kumwambia dereva ateremshe furushi la mama huyo.