Kishale Kilichokataa Kutulia

Siku ya kuanua matanga, nguo za baba ziligawiwa. Koti la kahawia lilikwenda kwa baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, na nusu ya waliokuwapo walijua hata kabla halijatajwa. Kompyuta hakuna aliyeitaka. Ilibaki Butiama, juu ya meza yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na nyumbani wanaiona kama ugonjwa wangu binafsi.

Humo baba aliacha orodha ya ukoo: vizazi saba, kila aliyefariki amewekewa msalaba mdogo pembeni. Matawi mawili hayakukamilika. Anayeyajua ni baba mdogo peke yake, na ameanza kusahau. Jumamosi moja yeye alitoka Nyasura, Bunda, mimi nikatoka Nyasho, Musoma, tukakutana pale asubuhi. Saa tisa alitakiwa awe njiani kurudi Bunda.

Mausi ya baba, kifaa cha kusogezea kishale kwenye skrini, ilikuwa haijaonekana tangu msiba, kwa hiyo nilikuwa nimebeba yangu ya waya.

Tulipofika jina la tatu, kishale kiliruka. Kilikimbilia kona ya juu, kikarudi, kikachagua mistari minne, na nilipobonyeza herufi moja tu yote minne ikatoweka. Niliirudisha. Nikaweka karatasi chini ya mausi, nikidhani ni mng'ao wa meza. Nikahamishia waya kwenye tundu jingine. Nikapunguza kasi. Nikazima mashine na kuiwasha. Kishale kikatulia kidogo, kisha baba mdogo akaanza kulitafuta jina la bibi mmoja, "alikuwaga mrefu, mkali, anavuta kiko," na kikaanza tena.

Niliona aibu. Musoma watu hunilipa kwa kazi hii hii. Mganga hajigangi.

"Hiyo ya bure ndiyo shida yake," alisema. "Ungemwekea kaka ya kawaida."

"Baba mdogo, tuendelee na majina."

"Nilikuwa nalo hapa mdomoni. Umeniharibia."

Nilikasirika, zaidi kwa sababu ya saa kuliko maneno yake. Nikafungua dirisha la kuandikia amri, nikaandika xinput list, ambayo huorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Nilipaswa kuanza na hapo. Zilitokea mausi mbili: yangu, na nyingine isiyo na waya. Nikainama nyuma ya CPU. Kidude cha kupokelea cha mausi ya baba kilikuwa bado kimechomekwa kwenye tundu lenye vumbi, kidogo kama punje ya hindi.

Basi mausi yenyewe ilikuwa karibu, na kuna mtu alikuwa anaisogeza. Chumbani tulikuwa wawili. Nikamtazama baba mdogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa lile koti la kahawia.

"Umeshika nini humo?"

Akaitoa. Ilikuwa nyeusi, imechakaa pale kidole cha baba kilipozoea kukaa.

"Hii? Nimeikuta tu humu. Nikasema ni kitu chake, niiache. Nikiwa nawaza nakuwaga naishika." Nilipomweleza kilichotokea, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

Nilichomoa kile kidude, nikamrudishia mausi. Akaitia mfukoni, mkono nao ukafuata, na majina yakatoka, yule bibi wa kiko akiwa wa kwanza. Kabla ya saa nane matawi yote mawili yalikuwa yamekamilika.

Kishale sasa kilikwenda nilikokipeleka. Nikateremsha ukurasa hadi chini, kwenye mstari ambao baba alijiandika mwenyewe. Pembeni hapakuwa na kitu. Nikasema tumemaliza.

"Hatujamaliza," alisema baba mdogo. "Mwekee kaka msalaba wake."

Sikutaka. Nilikaa nikingoja kishale kiruke. Hakikuruka, nikauweka.