Baba Aliyeuawa Ili Insha Itoshe

Shemeji yangu amefariki. Ndivyo alivyoandika leo mshauri wa maombi ya vyuo, Westlands.

Asubuhi nilimwacha sokoni Kangemi akipanga viazi.

Insha ya binti yake Achieng', ya kuomba ufadhili, ilizidi maneno mia tano. Mshauri alifuta aya ya baba kumfundisha hesabu kwa mizani ya sokoni. Badala yake: "Baba alifariki."

"Maneno mawili tu, madam," akatabasamu. "Na wafadhili wanapenda machozi."

Nimepunguza habari gazetini miaka mingi. Sijawahi kumuua mtu ili itoshe. Kinyaa kitupu.

Achieng' akachukua karatasi yake. "Anti, toa aya ya tuzo zangu. Baba abaki."

Tutaipunguza upya kesho saa mbili, kwenye saiba, duka la intaneti, Ngara. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.