Tabita, Mama Aliyefunga Sinema

Mimi Nesta sipendi kusimuliwa habari za Tabita wa Hasamba, maana jirani yake ni mimi, na kati ya ua wangu na wake kuna migomba tu. Wakija watu wa mbali wakisema, "Yule mama alikuwa mcheza sinema," nachoka kabisa! Tabita hakucheza sinema hata siku moja. Tabita alikuwa anaaga wageni, basi.

Na kuaga wageni ndio ulikuwa ugonjwa wake. Ukienda kwake kuomba kaa la moto, ukitoka anaacha ugali jikoni anakusindikiza mpaka njia panda. Pale anapiga goti, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, halafu anasimama kukutazama mpaka upotee. Karani wa kodi alisindikizwa. Muuza kuku alisindikizwa pamoja na kuku wake, na hakuna aliyemnunulia hata mmoja. Nikamwambia, "Mama Loisi, mimi nakaa hapo tu, unanisindikiza niende wapi?" Akacheka, akanisindikiza.

Chanzo ni dada yake, Ruti, aliyeolewa kule Isongole. Walipomzika baba yao, Tabita alikuwa jikoni amezongwa na vyungu vya watu wa msiba, na Ruti akaondoka peke yake, mzigo kichwani, bila mtu wa kumfikisha hata njiani. Kwetu sisi, ukimwacha ndugu wa damu aondoke hivyo, ni kama umemwambia asirudi tena. Ruti akaapa: "Hasamba sikanyagi mpaka Tabita anisindikize."

Sasa niambie wewe, mtu asiyekuja unamsindikizaje? Tabita alimfuata hukohuko Isongole, akapiga goti mlangoni. Ruti akajibu akiwa ndani, wala hakutoka: "Hapa ni kwangu. Mgeni ni wewe. Tangu lini mgeni akamsindikiza mwenyeji?" Kichwa kigumu kile, Mungu wangu! Miaka ikapita hivyohivyo. Loisi, binti wa Tabita, akakua, akachumbiwa. Harusi bila mama mkubwa ni harusi gani? Nilimkuta Tabita shambani akipalilia kahawa huku machozi yanamtoka mchana kweupe, nami nikalia naye, ingawa Ruti nilikuwa nimemkasirikia sana.

Zilikuwa siku za Waingereza bado, na motokaa ya sinema ilikuwa imeanza kupanda huku milimani. Walitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, giza likiingia watu wanaketi mbele na nyuma ya shuka, na Boazi, kijana wa Mbozi hapahapa, anatueleza picha kwa sauti kubwa. Kila picha iliisha na alama ya kampuni, ili tujue nani kaitengeneza na twende zetu nyumbani. Alama ya kwanza ilikuwa mnazi. Sisi wa Mbozi mnazi tumeuona wapi? Watu walibaki wameketi wakisubiri huo mti ufanye kitu, mpaka Boazi akawafukuza. Kampuni ikaleta ya pili, kichwa cha simba anayefunua kinywa. Lo! Kule Kamsamba, ambako simba walikuwa wakila ng'ombe wa watu kweli, uwanja mzima ulibaki vigoda na vitenge, na waliotangulia kukimbia ni wanaume. Simba naye akafutwa.

Ndipo wakaja Hasamba kupiga picha za kilimo cha kahawa. Walipomaliza wakaanza kufungasha, na Tabita alikuwa anasonga ugali. Kusikia wageni wanaondoka, alitoka mbio na unga mikononi, akapiga goti barabarani, akapiga makofi yake, akasimama kuwatazama. Mzungu wa mashine ya kupiga picha alikuwa hajaifunga bado. Akaigeuza upande wake.

Msimu uliofuata kila picha ikaisha na Tabita. Na watu, wee! Uwanja wote ulinyanyuka, ukajibu makofi, ukaenda nyumbani kwa adabu. Wakasema, anayekusindikiza ndiye mwenyeji wako, kwa hiyo sinema ni ya yule mama. Watu wa Kamsamba wakamtumia debe la mchele kushukuru kwa kualikwa. Nilikula, sikatai.

Boazi ndiye aliyeuleta mchele huo, na ndiye aliyetueleza kisa chake. Tabita alisikiliza, mara akaacha kupepeta.

"Kwa hiyo aliyekaa kwenye sinema ni mgeni wangu?"

"Ndivyo watu wanavyosema, mama."

"Isongole mmeshafika?"

"Bado. Mvua iliharibu barabara, tunakwenda kesho. Lakini mama, wewe umeshaondolewa. Kampuni imeleta alama mpya, dunia inayozunguka."

Tabita alimshika mkono. "Baba, dunia ni yako, izungushe unavyotaka. Ila Isongole niweke mimi. Mara moja tu."

"Mama, watanifukuza kazi!"

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Boazi, wali wa Kamsamba si unao tumboni sasa hivi? Ulipokula hukuogopa kampuni!" Akacheka mpaka akakohoa. Kipande cha zamani alikuwa nacho bado kwenye sanduku, akakubali kukiunga nyuma ya dunia.

Tulipanda motokaa ileile, tukafika Isongole vumbi tupu. Tabita alijificha vichakani nyuma ya shuka, maana Ruti akimwona tu ataondoka. Ruti alikuja na kigoda chake, akaketi mbele kabisa, mgongo wima. Picha yenyewe ilihusu kuchimba vyoo, na mimi sikuitazama, nilimtazama yeye. Dunia ikatokea, ikazunguka, watu wakaanza kunyanyuka. Ruti akachukua kigoda.

Tabita akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko nyumba. Akapiga goti. Isongole yote ikamjibu makofi, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama na kigoda mkononi. Piga basi makofi, wewe mama, nikasema moyoni, vidole vitakuanguka? Kwenye shuka Tabita alinyanyuka, akabaki amesimama akitazama, vilevile anavyotutazama sisi.

Ruti akaweka kigoda chini. Akasema na shuka, kwa sauti, bila kumwonea haya mtu:

"Haya, mdogo wangu. Inatosha. Rudi sasa, watoto wako peke yao."

Hayo ndiyo maneno ya anayesindikizwa. Asipoyasema, msindikizaji hana ruhusa ya kugeuka, na Tabita alikuwa ameyasubiri tangu matanga ya baba yao. Nyuma ya shuka nilisikia mtu analia kwa kwikwi. Akatoka, kitenge kimejaa majani, uso umelowa, akasimama mbele ya dada yake.

Ruti hakushtuka hata kidogo. Alimpangusa uso kwa kiganja, akamtoa majani kwenye kitenge moja moja.

"Loisi anaolewa lini?" akauliza.