Rotua Aliyekaribishwa Akaingia

Kwetu Solo, mji wa kisiwa cha Java, ukipita mbele ya nyumba ya mtu na mwenyewe yuko kibarazani, atakwambia, "Karibu ndani." Wewe utainama kidogo, utajibu, "Ahsante, siku nyingine," utapita zako. Basi, yameisha. Mimi Tumirah nimesema karibu ndani kila jioni tangu nilipoolewa kwenye kichochoro hiki, mume wangu akafa nikaendelea kusema, na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyenikosea adabu kwa kuingia. Mpaka alipokuja Rotua.

Rotua Sitanggang ni Mbatak, kabila la kule ziwa Toba, Sumatra, na watu hao utawasikia kabla hujawaona. Alikuja kuwa mkuu wa dobi katika hoteli mpya karibu na stesheni ya Balapan, akapanga chumba kwa jirani yangu Bu Lasmi; Bu kwetu ni Bibi, heshima ya mwanamke yeyote mkubwa. Mwanamke wa makamo, mrefu, mabega mapana, hana mume na hapendi kuulizwa.

Jioni yake ya kwanza akitoka kazini, alinikuta kibarazani nageuza ukoko. Ndiyo kazi yangu. Naanika ukoko wa wali, ukikauka naukaanga, naumwagia sukari ya mnazi iliyoyeyuka, na abiria wa treni hununua wakapeleke kwao. Nikamwona anapita, nikamwita Mbak, ndiyo dada kwetu, nikamwambia kama ninavyomwambia yeyote, "Mbak, karibu ndani."

Akasimama, akanitazama vizuri. "Ahsante sana, Inang," akasema. Inang kwao ni mama. Kisha akavua viatu akaingia.

Nikabaki na ukoko mkononi. Mle ndani chai haijachemka, na kiti cha wageni kimejaa nguo zilizofuliwa, maana kiti chenyewe kilikuwa hakijaona mgeni siku nyingi. Akazichukua nguo, akakaa, akaanza kuzikunja huku ananisimulia safari yake. Nikamkaangia ukoko kwa sababu sikuwa na kingine. Akala sahani nzima. "Mtamu, Inang," akasema, "kesho nitapita tena." Na kweli, kesho yake akapita.

Nilikasirika, nisikufiche. Nikamwendea Bu Lasmi. "Huyu mpangaji wako ana njaa au hana haya?"

Bu Lasmi ni mtu wa kunong'ona hata akiita kuku. "Unalalamika wewe uliyeliwa ukoko tu?" akasema. "Kwangu alimaliza chungu cha mboga. Nilimwambia tu karibu tule, nimeshika kijiko."

"Si umwambie kwamba hatuingiagi?"

"Mwambie wewe, ndiwe mkubwa."

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

Hakuna aliyemwambia. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba ulipomkaribisha hukumkaribisha? Utamwaibisha, nasi watu wa Solo kuaibisha mtu hatuwezi, bora tufe na njaa. Wiki haikuisha alikuwa ameshaingia kila nyumba ya kichochoro. Bu Lasmi akaanza kufunga mlango jioni. Sisi wengine tukaongeza maji kwenye birika tukanyamaza. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikasema siku moja. Bu Lasmi akanijibu, "Huyu humpi. Asubuhi nimemkuta ameshafagia ua wangu wote, na wa kwako ameufikia nusu."

Kidogo kidogo nikamjua. Medan, mji wa huko huko Sumatra alikozaliwa, kila mtu ni shangazi, na kila shangazi anauliza utaolewa lini, basi Rotua akakimbia. Akaenda Jakarta, akaishi jengo moja na mamia ya watu, na jirani wa mlango wa pili alikuja kumjua siku jirani huyo alipotolewa nje akiwa ndani ya jeneza. Akaenda Batam, kisiwa cha viwanda. "Batam, Inang, wote tumekuja ili tuondoke," alisema. "Unafanya urafiki na mtu ambaye sanduku lake liko mlangoni." Alikuwa amechoka kuhama. Alisema hivyo wazi wazi, mdomo umejaa ukoko, kwamba anatafuta mji wa kuzeekea na hajui kama umeumbwa.

"Na hapa?" nikamuuliza.

"Hapa mwanzo niliona mji gani huu, watu wananong'ona utadhani kila nyumba ina mgonjwa. Lakini kazini naenda kwa miguu. Na jioni nikirudi, kila mlango unaniita ndani. Nilimpigia simu mama yangu nikamwambia, Mama, kuna mji unaniita ndani."

Sasa niambie, baada ya maneno hayo nani angefungua mdomo? Nikamwongezea ukoko. Nikamsimulia Bu Lasmi, na jioni ile mlango wake sikuuona umefungwa.

Kazini nako hakukukosa vituko. Msichana mmoja wa dobi, binti wa mtaa wa pili, alikuja kwangu analia kwamba mkuu mpya amemkaripia mbele ya watu kwa sababu ya mashuka. Nikamwambia, mwanangu, huyo hakaripii, huyo anaongea. Akikaripia utajua, vioo vitapasuka. Wakazoeana. Wakagundua kwamba kwa Rotua likishatoka limetoka, hamwekei mtu kinyongo, tofauti na sisi tunaoweza kumnunia mtu mwaka mzima huku tunamchekea.

Halafu nikaugua. Ilikuwa dengi, ila mimi nilidhani uchovu. Nililala ndani siku ya kwanza, ya pili. Majirani walipita wakaita mlangoni, "Bu Tumirah, hujambo?" nami nikajibu kitandani, "Sijambo, ahsante." Mwili unawaka moto, meno yanagongana, nasema sijambo. Ndivyo nilivyolelewa. Nao wakaridhika wakapita, ndivyo walivyolelewa.

Rotua hakuita. Alisukuma mlango akaingia, kwa sababu ilikuwa saa yake ya ukoko. Akanishika paji la uso. Akasema neno la kwao ambalo sijui maana yake na sitaki kuambiwa. Akanibeba mgongoni, mimi mtu mzima, mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda kwa sauti iliyowatoa watu madukani. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Siku zote za dripu alikuja kila akitoka kazini, ananiletea samaki aliyepikwa kwa viungo vya kwao vinavyowasha ulimi. Wauguzi walimwomba apunguze sauti. Alijaribu, masikini, akashindwa.

Tangu hapo, jioni, nilikuwa nikisikia hatua zake naondoa nguo kwenye kiti mwenyewe.

Ikapita miaka. Halafu, msimu wa mvua uliopita, alikuja akakaa bila kugusa sahani. Wenye hoteli walikuwa wanafungua nyingine Balikpapan, kule Borneo. Wanamtaka akasimamie dobi na usafi wote, cheo kikubwa, nyumba watampa. Hawamlazimishi. Jumatatu wanataka jibu.

"Unaonaje, Inang?" akaniuliza. "Niende?"

Nilitaka kumwambia usiende. Neno lenyewe lilifika kwenye meno. Lakini utamzuiaje mtu riziki yake kwa sababu wewe kikongwe unaogopa jioni? Kwetu hiyo ni aibu, ni kumfunga mtu kamba. Nikatabasamu, nikasema kama inavyotakiwa, "Riziki haina mpaka, Mbak. Popote utakapokwenda, dua zetu ziko nawe."

"Haya, Inang," akasema. Akaondoka mapema.

Nilijua ataelewa. Yeyote wa hapa angeelewa: dua zetu ziko nawe, maana yake tunaumia. Ukimwambia mtu hivyo, naye anajibu, "Ah, mimi siendi popote," unasema, "Usijali sisi," anasema, "Hapana, hapana," na mwisho anabaki na hakuna aliyeomba. Nilikaa nikingojea aje anijibu hivyo. Nikamngojea Ijumaa, nikamngojea Jumamosi. Jumapili nikajiambia yuko kanisani, wale huimba mpaka jua la utosi, atapita jioni. Hakupita.

Nilimkuta Bu Lasmi bombani. "Mpangaji wako anasemaje?"

"Hasemi," akanong'ona. "Hilo ndilo linalonitia hofu. Ananong'ona, Bu Tumirah. Jana kaniambia usiku mwema sikumsikia."

"Alikuuliza juu ya Balikpapan?"

"Aliniuliza. Nikamwambia chumba chake nitakipigia deki aende kwa amani."

"Na wale wa dobi?"

"Aliwauliza wote. Wamejibu vizuri sana, kwa adabu. Wameshamnunulia na kitambaa cha batiki cha kumuaga."

Tukatazamana. Ndoo ya Bu Lasmi ilijaa ikamwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

Jumatatu asubuhi nilitoka mapema kibarazani na trei yangu. Mvua ilikuwa imekatika, matope kichochoro kizima. Akatokea amevaa sare ya hoteli, nywele amezibana, anatembea polepole kando ya ukuta kama tunavyotembea sisi. Nikapata faraja. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kila siku, "Mbak, karibu ndani."

Akasimama. Akainama kidogo, vizuri kabisa, bega la kulia likatangulia, adabu tupu. "Ahsante, Bu," akasema kwa upole. "Siku nyingine."

Akapita.

Bu. Hakusema Inang. Na ile siku nyingine yake ilikuwa ya Kisolo halisi, haina kasoro, mtu angemsikia angedhani amezaliwa hapa. Miaka yote tulikuwa tunamcheka kimoyomoyo kwamba hajifunzi. Leo amejifunza, na amejifunzia kwangu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, naye Rotua, aliyeuliza kila mlango akajibiwa dua, alikuwa ameketi na methali hiyo siku zote zile peke yake. Nani angemwambia kwamba kwetu Solo hata akutakaye hakwambii kaa?

Trei iliniponyoka. Ukoko wote matopeni. Nikashuka kibarazani bila viatu nikamfuata, nikamshika mkono wa sare ile safi kwa vidole vyangu vya mafuta.

"Nimekwambia karibu ndani," nikasema.

"Nimesikia, Bu. Nimechelewa, bosi anangoja jibu."

"Jibu gani?"

"Nakwenda." Macho yake yalikuwa mekundu. "Niliuliza kila mlango hapa. Niliingia kila mlango nikauliza. Hakuna hata mmoja aliyesema kaa. Jakarta hawakusema, Batam hawakusema, lakini kule sikuwauliza. Hapa niliuliza."

Ulimi wangu, wallahi, ulikuwa mzito kuliko siku ya dengi. Nikaanza, "Unajua, Mbak, sisi watu wa huku, mtu akiwa na riziki yake…"

"Inang," akanikata. "Usinizungukie."

Basi nikasema. "Usiende."

Mkono wake hakuuvuta.

"Sitaki uende," nikasema. "Sipendi. Kile kiti ni chako. Ukienda nitakitia nguo tena."

"Sikusikii," akasema, na machozi yanamshuka. "Sema kwa sauti."

Mimi nimezaliwa kichochoro cha tatu kutoka hapa. Nimeolewa hapa, nimezika hapa, na siku niliyomzika mume wangu sikupaza sauti. Nikavuta pumzi. "Usiende, Nduk!" nikapiga kelele, Nduk, jina tunalomwita binti wa kuzaa. Kuku wakatawanyika. Madirisha yakafunguka moja baada ya jingine.

Bu Lasmi alitoka mlangoni kwake na ufagio, kanga kichwani, anatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba. Akakohoa. "Na mimi sitaki," akasema. Haikuwa kelele, lakini kwa Bu Lasmi ilikuwa kelele.

Rotua akasimama pale katikati ya matope akalia kwa sauti yake yote, ile yenyewe, ya ziwani, na mimi sikumwambia anyamaze. Kisha akajifuta kwa mkono wa sare, akapita mbele yangu, akavua viatu akaingia. Alipofika kwenye kiti chake akakaa, akanyoosha miguu.

"Bosi atangoja," akasema. "Leta ukoko, Inang. Lakini maadamu leo tunasemezana ukweli, weka chumvi. Huo wa sukari sijaupenda tangu siku ya kwanza."